Askari wa Kwenye Jalada

"Bunduki inauza!" Mjomba alisema kwa mara ya tatu, akipiga meza.

"Haiuzi cherehani, Mjomba," akajibu mpwa wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Mitambo. "Mchezo wangu hauna hata kisu."

"Una mkasi."

"Wa kukatia kitambaa!"

Askari arobaini na mmoja, waliokaa kwenye viti vya wageni na sakafuni, waligeuza vichwa huku na huku kama watu wanaotazama mpira. Wote walikuwa na sura moja, kovu moja shavuni, na kifua wazi.

Bi Mitambo alikuwa ametumia miaka minne kutengeneza mchezo huo wa video. Anayecheza anakuwa fundi cherehani: analetewa nguo zilizochanika, anakuta vitu mifukoni, na kidogo kidogo anayajua maisha ya wenye nguo. Wachache walioumaliza walilia, kisha wakawapigia simu mama zao. Mjomba, mwenye kampuni na mkuu wa mauzo, hakuwahi kuucheza. Alisema yeye si mtoto. Jalada alilichagua yeye: askari mwenye bunduki, na moto nyuma yake.

Waliotaka vita walinunua, wakakuta sindano, wakarudisha makasha kwa matusi. Ambao wangependa sindano waliona moto, wakapita. Makasha yaliyorudishwa yakapangwa stoo, na Jumatatu askari wakaanza kushuka kwenye majalada, maana walikuwa wamechoka kungoja vita. Dada wa mapokezi aliwapa daftari la wageni. Wote wakatia saini ile ile, na mahali pa sababu ya kuja wakaandika "kazini".

Mmoja alijitolea kuingia ndani ya mchezo kumtafuta adui. Alitoka saa kumi jioni, suruali yake imepigwa pindo safi. Kesho yake wakaingia wote. Mapazia ya ofisi, yaliyokuwa na matundu tangu enzi za kanda za video, sasa hayakuwa na hata moja.

"Na tangu washuke tumeuza makasha matatu," Bi Mitambo aliendelea. "Kwenye jalada umebaki moto tu, na mama mmoja mteja akadhani ni mchezo wa mapishi. Ameucheza hadi mwisho, akarudi kuwachukulia dada zake wawili. Hajarudisha hata moja! Huoni kitu hapo, Mjomba?"

"Naona. Moto unauza."

"Cheza dakika kumi tu. Nakuomba."

"Mama, mimi nauza. Nikianza kucheza, nani atauza?"

Aliyasema hayo kwa nguvu hadi kifungo cha shati lake kikaruka. Askari wa karibu akakiokota, akakishona palepale, Mjomba akiwa ndani ya shati. Mjomba akakivuta. Hakikulegea.

"Kazi safi hii," akakiri, akafikiri kidogo. "Basi, nimeliona kosa. Askari mmoja hatoshi. Kila jalada liwe na wawili. Makasha yasipouzika kufikia Jumamosi, yote yaende kusagwa, na mchezo wenyewe ufutwe."

Askari ni askari. Walichomeka sindano zao kwenye mto wa kiti, wakajipanga wawili wawili, wakapanda tena kwenye majalada. Bi Mitambo aliyashika makasha yasiteleze. Wakabanana mbele ya moto, wakinyanyua bunduki kwa shida kwa kukosa nafasi ya viwiko. Makasha ishirini yakajaa; mengine yakabaki na moto tu.

Wa mwisho alibaki peke yake na kasha lake.

"Mwenzangu yuko wapi, dada?"

Bi Mitambo aliyatazama yale makasha ishirini. Hakuna hata moja lililosema kilichomo ndani.

"Nipo mimi," akasema.

Akavua viatu, akaning'iniza shingoni tepu ya kupimia nguo, akapanda kwenye jalada. Askari akamsogezea nafasi. Akasimama wima kabisa, tepu ikishuka kifuani hadi kiunoni, namba zake zikisomeka hata kwa mtu aliye mlangoni.

Mjomba alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Umependeza, mama. Usitikisike."

Akatoa kalamu nyeusi ya wino mzito, akachora juu ya tepu risasi moja baada ya nyingine, kutoka shingoni hadi chini, mpaka ikawa mkanda wa risasi, akapuliza wino ukauke.

"Sasa kunja uso."