Waliobakiza Nusu

Saa tisa alasiri Mama Tiketi alisimama mlangoni pa ukumbi akichana tiketi za ufunguzi wa msimu. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani: Jumamosi mchezo wa kuigiza wa familia nzima, Jumapili muziki wa mataifa, ngoma na vinanda kutoka pande zote za dunia. Watu walifurika, kina mama wakisengenyana kwenye foleni kwa raha zao.

Wakati wa mapumziko walikuja watoto kumi na mmoja. Nguo zao zilinuka moshi, na kila mmoja alishika kipande cha tiketi iliyokwisha kuchanwa. Wa mbele alikuwa Kidoti, mjukuu wake, aliyezikwa mwaka jana.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Mwanzo tulishauona, bibi. Tumebakiza nusu."

Mama Tiketi akaenda kumwita meneja.

"Wana tiketi?"

"Vipande. Vya msimu uliopita."

Meneja akakuna kidevu. "Haya, waingie. Ila wasimame nyuma, viti vina wenyewe."

Msimu uliopita, moshi ulipotoka nyuma ya pazia ukajaa hadi mlango wa mbele, watoto hao walikimbilia mlango wa nyuma wakaukuta umefungwa kwa mnyororo, kisa wazamiaji, wale wanaojipenyeza bila tiketi. Waokoaji waliukata mnyororo wakiwa wamechelewa. Baada ya mazishi meneja alinunua mwingine, mnene zaidi.

"Bosi, nakuomba, ufungue ule mlango. Leo tu."

"Nikiufungua mtaa mzima utazamia. Hawa watu huwajui wewe!"

"Nawajua. Mmoja nimemlea mimi."

"Pole, mama. Rudi mlangoni."

Watoto waliangalia sehemu ya pili, wakacheka panapochekesha. Muuza bisi aliwapitia mara mbili akaondoka akinuna: watoto gani hawa, hata bisi hawataki! Pazia lilipofungwa hawakutoka na wenzao. Walijipanga mstari kwenye mlango wa nyuma, wakatulia.

"Njooni huku mbele," Mama Tiketi akawaita. "Kuko wazi."

"Huko kuna moshi, bibi."

Akatazama. Hakukuwa na moshi. Akamshika Kidoti mkono, akavuta, lakini mtoto hakusogea hata hatua moja.

Jumapili bendi zilipiga, na watoto walikuwa palepale. Mwanamke mmoja aliwaomba wasogee kidogo apate pa kuweka mkoba, wakasogea. Watu wakawazoea. Ilipofika wiki ya tatu, mlangoni alikuwa mchana tiketi mwingine, maana Mama Tiketi alikuwa ameacha kazi bila kuaga.

Alikuwa ndani, kwenye mstari, nyuma ya Kidoti.

"Bibi, na wewe umefungiwa?"

"Ndiyo, mama," akajibu. "Sogea mbele kidogo, nami nipate pa kusimama."