Sumaku Nyuma ya Ndoano

Fundi saa alikuwa na kiburi, tusifichane. Treni yake ndogo, iliyojaza meza nzima ya chumba cha nyuma, haikupokea behewa lolote mpaka lipimwe. Alikuwa na kipande cha shaba anachokipachika katikati ya magurudumu mawili. Nafasi ikibana, behewa hupanda reli pale njia zinapogawanyika, likalala ubavu. Ikizidi, gurudumu hushika njia isiyo yake. Hata behewa aliloletewa zawadi na shemeji yake alilikataa kweupe, mwenyewe akiwa amekaa pale pale.

"Kipimo hakimbembelezi mtu," alisema, na shemeji akamalizia chai yake, akaaga.

Na kuunganisha mabehewa je? Wenzake walitumia viunganishi vya plastiki vinavyoshikana vyenyewe, unasukuma tu, tak! Yeye aliviita vya watoto. Mabehewa yake yalikuwa na ndoano, na cheni ya chuma ya pete tatu kama ya treni za kweli. Pete unaitundika kwa waya uliopinda ncha, huku umebana pumzi.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Kwanza ukamfungia duka la saa, kisha ukamfuata mezani. Bintiye, mshona mikoba, alikuwa akimpelekea chai na kumkuta amelowa jasho, pete inacheza huku na huku, ndoano haiguswi. Siku moja akamkuta analia. Jamani, kumwona baba yako analia kwa ajili ya cheni isiyozidi urefu wa ukucha!

Ndipo binti alipofanya alichofanya. Baba alipokwenda kliniki, yeye alichukua sumaku ndogo kama punje za mchele, akazigandisha kwa gundi nyuma ya kila ndoano, akazipaka rangi nyeusi. Macho ya mzee nayo yalishachoka. Sasa pete ikikaribia tu, inarukia ndoano yenyewe.

"Mama! Njoo uone!" mzee alimwita bintiye jioni ile. "Mkono umerudi!"

Akaunganisha treni nzima bila kukosea, akacheka mpaka akapaliwa. Binti akacheka naye, maana tangu mama yake afariki hakuwa amekisikia kicheko kile. Alifurahi, akanyamaza, na hapo ndipo alipoharibu.

Haukupita muda mrefu baba akaanza kuburuza mguu. Chai ikawa inaishia kwenye shati. "Baridi tu hii," alisema. Siku binti alipofagia chini ya meza, akafungua kisanduku cha mabehewa yaliyokataliwa, akakuta vidonge vimejaa.

"Baba, dawa hunywi?"

"Za nini? Mtu amepona anywe dawa?" Akauinua mkono, nao ukitikisika waziwazi. "Huu ndio unaofunga cheni. Mwambie huyo daktari wako naye ajaribu!"

Lakini daktari alishasema bila kuzunguka: dawa zikiachwa, miguu itagoma, na kumeza kutakuwa shida. Binti akaona hana pa kukimbilia: akinyamaza atamzika. Akasema yote, macho sakafuni.

Mzee hakufoka. Heri angefoka! Aliomba kisu, akahangaika mpaka akabandua sumaku moja, akaitazama ilivyong'ang'ania ncha ya kisu. Kisha akajaribu ile pete. Ikaipita ndoano. Akajaribu tena, waya ukagonga behewa, likaanguka.

"Siku zote hizo," akauliza, "ulikuwa unasimama hapo unanitazama nikifurahi?"

"Nilitaka ufurahi, baba."

"Kipimo changu hakijawahi kunibembeleza. Wewe kwa nini?"

Mzee akanyoosha mkono, akaomba dawa, akaimeza kwa taabu. Binti akashusha pumzi, akadhani yamekwisha. Wapi! Baba alilisimamisha behewa kwenye reli, akamsogezea waya.

"Funga wewe."

Binti akaushika. Kimoyomoyo aliomba mkono wake utetemeke, walau kidogo tu, baba aone hayuko peke yake. Haukutetemeka. Ulikuwa mkono wa kushona ngozi kutwa nzima, nao ulifanya kama ulivyozoea. Pete ikaingia kwenye ndoano mara ya kwanza.

Mzee aliitazama cheni ilivyotulia. Akachukua kile kipimo cha shaba, akakiweka mbele ya bintiye.

"Basi treni ni yako," akasema, akajikokota kwenda kulala, na jua lilikuwa bado linawaka.