Mpaka Katikati ya Shamba Langu

Tega sikio, kisha unijibu: nimezaa wawili, nimepika cha watatu, nimekula peke yangu. Mimi ni nani?

Usihangaike. Mimi ni mama wa wagombea kura.

Gitobu, kifungua mimba wangu, alitaka kiti cha wadi yetu. Watu wa upande wa juu walimpenda. Wa upande wa chini hawakutaka hata kumsikia. Kura zao zote zilikuwa za mpinzani wake, Njuki. Basi Gitobu akaketi jikoni kwangu na mdogo wake, Murungi, wakasuka ujanja. Murungi naye agombee, ajifanye adui wa ndugu yake, azigawe kura za chini. Njuki akipungukiwa, Gitobu anapita.

"Nani atawaamini?" nikauliza. "Mmenyonya ziwa moja."

"Tutapanda mpaka," Gitobu akasema.

Kwetu mpaka si seng'enge. Ndugu wakikosana wazee huitwa, maua ya mpakani hupandwa mbele yao, na anayeyang'oa amejitafutia laana.

"Ni mchezo tu, mama. Kura zikiisha tutayatoa."

"Na wewe Murungi, watu wakikuamini kabisa, itakuwaje?"

Murungi akacheka, akajiongezea chai.

Maua yakapandwa toka barabarani hadi mtoni, yakapita karibu na mlango wa jiko. Wangekutana kwangu hila ingevuja, kwa hivyo hakuja huyu wala yule.

Siku moja nikiwa soko la Gakoromone nachagua kabeji, nikasikia spika. Ni Murungi, juu ya pikapu. "Gitobu amemwacha mama yetu anywe uji mtupu."

Watu wakaguna. Kinya, muuza kabeji, akanitambua, akaniongezea moja ya bure.

"Pole, shosho. Watoto wa siku hizi."

Nikaichukua.

Gitobu alishinda. Nikaponda viazi na mahindi, mukimo wa kututosha sote. Akaja yeye tu, akaonja tu amesimama, simu sikioni. Alipomaliza nikamwambia, sasa ng'oeni.

"Wazee wamekataa, mama. Na watu wa chini wakijua tuliwachezea, uchaguzi ujao sina changu."

Murungi akahamia Embu, mtaa wa Majimbo. Nikimpigia hapokei. Usiku nazungumza na mbuzi, nao wana adabu, hawanikatizi.

Juzi mvua ikinyesha nikamwona Murungi ng'ambo ya maua, amelowa.

"Pita, mwanangu. Ndugu yako hayupo."

Hakusogea.

"Kuyaruka si kuyang'oa. Mimi na magoti yangu haya nayaruka kila asubuhi."

"Mama, kuna swali uliniuliza nikacheka."

"Nalikumbuka."

"Nilimsema vibaya kila siku, kila soko. Watu wakaniamini." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Na mimi pia, mama, nikaamini."