Shimo Lililopendwa na Umma

Katika nchi ya Sifatele, ambako kulalamika kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, Baraza la Mji lilikuwa limehamishia huduma zake zote mtandaoni, nao raia waliipokea hatua hiyo kwa taadhima na furaha. Cheti cha kuzaliwa, kibali cha kuzika, hata ruhusa ya kufuga mbuzi uani, vyote vilipatikana kwa simu ya kiganjani. Ukurasa wa Baraza ulikuwa na kitufe kimoja tu cha maoni, nacho kiliandikwa "Napenda". Liwali Majisifu, mkuu wa Baraza, hakuona haja ya kingine.

Siku moja mama yake Bi Juhudi alitumbukia katika shimo la Mtaa wa Mashaka, akavunjika mguu. Bi Juhudi alilipiga picha shimo lile, akaituma kwenye ukurasa. Majirani walisikitika mno, na kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kutoa pole, wakabonyeza Napenda, mtaa mzima. Baraza likafurahia mapenzi hayo, likalitangaza shimo kuwa kivutio cha umma na kulizungushia maua. Bi Juhudi alikasirika, na mimi ningekasirika. Akachukua beleshi, akalifukia.

Alishitakiwa kwa kuharibu kipenzi cha raia, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini, na mama yake angebaki kitandani bila wa kumuuguza.

"Unakiri?" aliuliza Hakimu Fuatisha, mtu asiyewahi kuupinga ukurasa.

"Nakiri, Mheshimiwa. Ila waulize waliobonyeza kama walilipenda."

"Sheria haiulizi, mama. Kilichopendwa hakiguswi."

Kabla hajatamka adhabu, kishindo kilisikika nje, wote wakatoka. Liwali Majisifu, aliyekuwa akija kutoa ushahidi huku akisoma sifa zake simuni, alikuwa ametumbukia katika shimo jingine mbele ya mlango wa mahakama, amezama hadi kifuani. Picha yake ilishafika ukurasani, na raia walikuwa wakiipenda kwa moyo mkunjufu.

"Nitoeni humu," aliamuru.

"Kilichopendwa hakiguswi, Mheshimiwa," alisema Bi Juhudi, "nawe umependwa."

Hakimu alimshauri Liwali apeleke malalamiko yake kwa njia rasmi. Liwali akafungua ukurasa, akaupekua juu na chini, akakuta kitufe kilekile. Akakibonyeza.

Simu ya Hakimu ikamwarifu kwamba hata Liwali amelipenda shimo. Hakimu akaitazama simu, kisha akamtazama Liwali, aliyekuwa akilia.

"Kesi imefutwa," alisema. "Mama, beleshi lako liko wapi?"