Shamba Lililoingia Chini ya Ukuta

Asubuhi moja mwaka wa themanini na saba, Mwanatatu alikuwa akifagia uwanja wake kule mtaa wa Shika Adabu, akaona mnazi wa pembeni umegusa ukuta wa jirani. Jana yake palikuwa na nafasi ya kuanika leso mbili katikati. Akafagia akauzunguka, kisha akaenda kuchemsha chai.

Shamba lilikuwa linaingia chini ya ukuta wa Bwana Nguma. Udongo ulipita polepole, kama shuka inavyochomekwa chini ya godoro. Mihogo, choo, jiko la mawe, vyote vilifika ukutani vikakwanguka, vikabaki rundo. Minazi haikuanguka. Ilisongamana wima, bega kwa bega, ikaendelea kuzaa.

Bintiye Kafedha, aliyekuwa akisomea ualimu chuoni, alikuja likizo akaanza kueleza kabla hajavua viatu.

"Mama, haya tumeyasoma! Bamba la nchi laingia chini ya lenzake. La juu lapanda, latetemeka. Vya juujuu vyakunwa kama nazi kwenye mbuzi. Wajapani wamezoea."

"Na huko Japani, la chini huwa la nani?"

"Hapo hatujafika."

Nguma alikuwa mkubwa wa ofisi fulani mjini, na kiwanja chake kilikuwa na hati. Mwanatatu hakuwa na hati. Babu zake walizikwa hapo, basi. Kila shamba lilipojongea, nyumba ya Nguma ilitetemeka na kupanda kidogo, mpaka akawa aiona bahari juu ya mapaa ya watu. Upepo aliupenda. Lakini sahani zilimvunjikia, akaenda kushtaki kwa chifu.

"Shamba la huyu mama lanisumbua."

"Ukuta wako ndio unaolimeza," Mwanatatu akasema.

"Ukuta wangu uko palepale, bibi. Lenye miguu ni shamba lako."

Watu wakacheka.

Mpimaji ardhi, Kioko, akaja akavuta kamba zake, akasema kilicho chini ya kiwanja ni cha mwenye kiwanja. Wazee nao wakatoa la mila: mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa kwenye ardhi ya mwingine. Mwanatatu akaona kapata nusu ya haki. Akawashukuru.

Masika yalipoanza, nyumba yake nayo ikafika ukutani. Akatoa kitanda na masufuria, akahamia kwa dadake kule Chaani, ng'ambo ya feri. Nguma akaizungushia minazi ukuta wa pili, isije ikaangukia barabara.

Siku za kuangua nazi, Mwanatatu huvuka feri, akabisha geti la Nguma.

"Shikamoo mama," mlinzi humwambia. "Wataka nini?"

"Marahaba. Nimefuata minazi yangu."

"Minazi ni yako, nani kakataa? Ila ukiangua, utasimama kwenye ardhi ya nani?"

Chini yao shamba hujongea. Mlinzi hushika kikombe chake cha chai kisimwagike. Nchi ikitulia, hukiweka chini, akauliza tena.