Sindano ya Kumi

Shangazi alikuwa mtu wa sindano kumi. Si tisa, si kumi na moja. Kila siku ya onyesho alizitia uzi mwenyewe saa sita mchana, amekaa dirishani kwake jua linapowaka, kisha akazichomeka kwenye kimto chekundu na kwenda nazo kazini. Wenzake wa chumba cha mavazi walipomuuliza kwa nini asitie uzi papo hapo kwenye jumba la maonyesho kama watu wengine, aliwaambia taa za mle ndani ni za kubania umeme. Tena viwanda vya siku hizi navyo vimeingiwa na uchoyo, vinatoboa sindano matundu ambayo hata sisimizi hapiti. Macho yake yeye hayakuwa na kosa lolote, na mazungumzo ya macho hakutaka hata yaanze.

Jumba zima lilimwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini. Lakini alikuwa shangazi wa kweli wa mtu mmoja tu, naye ni mchezaji mkuu wa msimu ule, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Msimu wenyewe ulikuwa wa dansi ya kisasa, maonyesho kumi na manne kwa wiki tano, na kama hujawahi kuiona dansi ya aina hiyo, jiandae. Hakuna wimbo wa kuitikia. Watu wanakimbia, wanasimama ghafla, wanahema kwa sauti, wanajibwaga sakafuni. Binti alijibwaga chali mara tisa, mgongo mzima, halafu akainuka kama vile hakuna kilichotokea. Watu walijaa ukumbi kuja kutazama hayo, na wengine walirudi mara ya pili.

Kwa ajili ya kujibwaga huko, vazi lake halikuwa na zipu wala kifungo, maana zipu ingemchana mgongo. Lilikuwa jeupe, la kubana, na kabla ya kila onyesho Shangazi alilishona likiwa mwilini, kuanzia kiunoni hadi shingoni, kwa sindano tatu. Onyesho likiisha, alilifumua. Wakati wa kushonwa binti alisimama ameshika sinki, amefumba macho, wala hawakuzungumza. Kisha Shangazi alikwenda kunywa chai yake taratibu, akarudi, akahesabu sindano. Kumi. Halafu alikwenda kusimama pembeni mwa jukwaa hadi mwisho. Maonyesho kumi mfululizo, sindano kumi. Alikuwa amewatambia wenzake hadi wakawa wanamkimbia.

Onyesho la kumi na moja lilikuwa la Jumapili, saa tisa alasiri. Shangazi alimaliza kushona, akaenda kwenye chai, akakuta birika limeungua na fundi umeme amelikalia kitako akilifungua. Akageuza njia akiwa amenuna. Chumbani akamkuta binti bado ananawa mikono kwenye sinki, na binti akatazama kimto kilichokuwa mezani, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Kengele ikalia. Akakimbia.

Shangazi, kwa kukosa la kufanya, akahesabu mapema.

Tisa.

Akahesabu tena kwa kidole, moja moja. Tisa. Akakung'uta kimto, akapapasa meza, akainama akapapasa sakafu kwa viganja vyote viwili, akatazama pindo la gauni lake, kifua chake, mkono wake wa nguo. Alikumbuka sindano ya kwanza na ya pili alivyozirudisha kwenye kimto. Ya tatu, ile ya shingoni, alikumbuka alivyoichomeka kwenye mshono ili apate kufunga fundo. Kuichomoa hakukumbuka.

Mambo mawili yakaja kichwani mwake kwa pamoja, na aibu yake ni kwamba la kwanza lilikuwa la kujifikiria mwenyewe. Mkurugenzi akisikia atamwambia kwa maneno matamu kwamba umefika wakati wa kupumzika. Halafu likaja la pili, na hilo la kwanza likafutika. Katika mgongo wa mtoto wa kaka yake huenda kulikuwa na chuma chenye ncha, na mtoto huyo baada ya robo saa angejitupa chali juu yake, mara tisa.

Akachukua sumaku ya kuokotea pini kwenye droo, akapiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi wa jukwaa.

Msimamizi wa jukwaa alikuwa pande la mtu lenye ndevu hadi kifuani, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoa amri nyuma ya mapazia bila watazamaji kusikia, alikuwa amezoea kunong'ona hata akiwa sokoni. Wote walimwita Mnong'ono. Onyesho lilikuwa limeshaanza. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kukimbia tu, na vishindo vya miguu mitupu vilisikika hadi kifuani.

"Nimepoteza sindano," Shangazi akasema.

"Wapi?"

"Sijui. Huenda nimeiacha mgongoni mwake."

Mnong'ono hakuuliza mara mbili, na Shangazi alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Akatazama saa. "Anatoka dakika mbili zijazo, upande ule wa pili. Ana sekunde arobaini za kuchukua maji, anarudi kuanza kuanguka. Mpapase. Ukiona lazima, inua mkono juu. Mimi nakutazama wewe tu. Ukiinua mkono, nashusha pazia, liwalo na liwe."

Shangazi akapita ujia wa nyuma ya jukwaa, gizani, akajigonga kwenye ngazi ya fundi wa taa na kumlaani fundi wa taa kwa kuacha ngazi mahali ambapo ilikuwa siku zote. Alipofika upande wa pili, binti ndiyo kwanza anatoka, jasho likimtiririka, akanyakua chupa ya maji na kujaza mdomo. Hapo ndipo Shangazi alipokumbuka. Maji yale hayakuwa ya kunywa. Sehemu ya pili ilianza kwa binti kuyapuliza juu kwenye mwanga, na hadi hapo alipaswa kukaa nayo mdomoni. Mtu mwenye mdomo uliojaa maji hajibu swali.

"Umechomwa? Mwanangu, unasikia kitu mgongoni? Sindano! Nimeacha sindano!" Huku anasema, huku anapitisha sumaku kiunoni, mbavuni, kwa mazoea akianzia chini kama anavyoshona.

Binti akatikisa kichwa. Akamshika mkono, akaitoa sumaku mwilini mwake, akaonyesha mgongo wake, akafungua viganja vyake vitupu, akaonyesha kule vyumbani, na puani akawa anatoa sauti kama ya mtu anayezuia kicheko. Tone la maji likamponyoka pembeni mwa mdomo. Shangazi aliona kitu cheupe kinachopunga mikono. Lawama akazitupa kwenye taa. Akaelewa jambo moja tu, kwamba binti anakataa onyesho lisimamishwe, na sekunde arobaini zikawa zimekwisha, na shingoni, alikoichomeka, hakuwa amefika.

Maji yakapulizwa juu. Watazamaji wakaguna kwa kufurahi. Shangazi akasimama pembeni, mkono ukiwa kifuani, tayari.

Anguko la kwanza. Kishindo cha mgongo kwenye mbao kilimwingia yeye. Binti akainuka. La pili. Akainuka. Katika la tatu mkono wa Shangazi ukaanza kupanda wenyewe, ukafika begani, ukafika sikioni, na kule ng'ambo Mnong'ono akaweka kidole kwenye kitufe. Hapo binti, akiwa anainuka, akageuza uso moja kwa moja pembeni alikosimama Shangazi, akatikisa kichwa. Polepole, kushoto, kulia, kushoto. Kitikiso hicho hakikuwa kwenye dansi. Siku mbili baadaye gazeti lilikisifia kwa aya nzima, likasema hapo ndipo mwanamke anapoikataa ajali yake. Lakini Shangazi hicho alikiona, kwa kuwa kilikuwa kikubwa, na kwa kuwa alikifahamu. Kwa kitikiso hicho hicho mtoto yule alikataa dawa za minyoo, akakataa kusomea uhasibu, na siku zote mbili kilimaanisha kwamba anajua anachofanya.

Mkono ukashuka hadi kifuani. Ukabaki hapo anguko la nne, la tano, la sita. La saba binti alibaki chini muda mrefu kuliko kawaida, na Shangazi akawa anamwomba Mungu na kumgombeza kwa wakati mmoja. Akainuka. La nane. La tisa. Kisha akawa anazunguka, anazunguka, akatulia, na taa zikazima, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Shangazi akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye vumbi.

Binti alikuja mbio kabla makofi hayajaisha, akamwinua kwa makwapa, akamvuta hadi chumba cha kuvalia. Hakufunga hata mlango.

"Nimekwambia haipo! Si nimekuonyesha kwa mikono? Nilikuwa naonyesha huku. Tazama."

Akachukua kipande cha sabuni pale sinki, akampa mkononi. Sindano ilikuwa imechomekwa katikati, uzi wake mweupe ukining'inia.

Shangazi akashusha pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kushusha. Akacheka, akalia, akacheka tena, akampiga binti kibao cha bega, kisha akalishika bega lilelile akalibusu. "Nimeponea chupuchupu. Ningekuua, mwanangu. Ningekuua kwa mikono yangu." Vidole vyake vilikuwa bado vinaigeuza sabuni, na vidole vyake viliona vizuri kuliko mtu yeyote pale jumbani. Kando ya sindano kulikuwa na kitundu. Kando ya hicho, kingine. Vidogo vidogo, vimepangana.

Akavihesabu kwa ukucha.

"Tangu lini?" akauliza.

Binti akatazama sakafu. "Onyesho la pili. Si kila siku, Shangazi. Kama mara sita. Ukitoka najipapasa mgongo, nikiikuta naichomoa, naichomeka hapo nikiwa nanawa mikono, halafu nakurudishia kwenye kimto wakati uko kwenye chai. Leo ulirudi mapema."

"Na wewe ukanyamaza. Ukawa unaingia tu kule na kujitupa."

"Nilikuwa nahakikisha kwanza."

"Mjinga wewe! Siku ukisahau kuhakikisha, je?"

"Ningekwambia, ungeacha kazi siku hiyo hiyo. Nakujua. Ungesema umezeeka, ungeweka kimto kabatini. Mimi nisingeweza kuingia kule nimeshonwa na mtu mwingine, Shangazi. Natetemeka kila siku. Ukinishona ndiyo natulia."

Shangazi akaiweka sabuni mezani. Miezi minane alikuwa amelibeba jambo lile peke yake: kutia uzi juani, kuhesabu ngazi kimoyomoyo, kusoma barua za ofisini kwa kuuliza watu "na wewe umeionaje hii?" Alikuwa amechoka sana, na hakuwa amejua amechoka kiasi gani hadi dakika ile. Mnong'ono alikuwa amefika mlangoni, anahema, anamtazama mmoja na mwingine.

"Ipo," Shangazi akamwambia. "Haikuwa mgongoni. Na sikiliza, nataka uwe shahidi. Macho yangu hayaoni. Hayaoni vizuri tangu mwaka jana."

"Tunajua, Shangazi," Mnong'ono akanong'ona.

"Mnajua vipi?"

"Jumatano uliniita bibie. Ukanisifia na kilemba."

Binti akaangua kicheko hadi akashika sinki, na Shangazi naye akacheka, akicheka kwa tumbo lote, kwa sauti ambayo pengine hata wale waliokuwa wanatoka ukumbini waliisikia. Wakapanga palepale. Kesho Jumatatu hakuna onyesho, wataenda kwa daktari wa macho. Na kuanzia Jumatano Shangazi atashona, na msaidizi wa mavazi atasimama nyuma yake na kuzipokea sindano moja moja, na anayetaka kununa na anune.

Mnong'ono alipoondoka, Shangazi alimgeuza binti na kuanza kumfumua, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

"Sasa kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli," akasema, "hiyo dansi yenyewe sijawahi kuiona. Naona kitu cheupe kinapita. Nakusikia tu unavyohema. Pale mwisho, ukishazunguka, ukitulia, unafanya nini? Siku zote nadhani unamlilia baba yako."

Binti akageuka, vazi likiwa limefunguka nusu mgongo. "Hulioni lile? Hata kidogo?"

"Kidogo gani, mwanangu."

"Pale mwisho nakutazama wewe. Kila onyesho unasimama pale pembeni kwa Mnong'ono, na mimi namalizia nimekugeukia. Nakuchekea. Maonyesho kumi nimekuchekea, na wewe unanitazama tu kama sanamu. Nikasema labda hupendi."

Shangazi akasogeza kiti ukutani, akasukuma meza kwa goti, chumba kikabaki na nafasi ya hatua mbili. Akasimama katikati yake, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa.

"Rudia," akasema. "Hapa hapa, mbele yangu."

Binti akazunguka mara moja, polepole kwa ajili ya ufinyu, akatulia, akainua uso. Ulikuwa karibu, wenye jasho, na jino moja la mbele lililopinda kama la baba yake. Ukacheka. Na Shangazi, aliyekuwa amechelewa maonyesho kumi na moja, akamchekea.