Petroli ya Kumzikia Bi Mize

Khairat alimwacha mama yake amekwisha oshwa na kuvikwa sanda, akatoka Makorora kwenda Nguvumali kwa miguu, hasira zikimtangulia.

Bi Mize alikufa alfajiri. Wasia wake ulikuwa mmoja, na aliurudia mpaka watu wakauchoka: azikwe Kigombe, ubavuni mwa mumewe. Kigombe si mbali kwa gari, lakini pikapu ya jirani yao Haroub haikuwa na petroli hata ya kuifikisha mwisho wa mtaa. Ilikuwa siku ya bajeti. Watu wa Tanga waliujua mchezo: asubuhi mafuta yapo, adhuhuri vituo vyote vimekauka, jioni redio ikishatangaza bei mpya mafuta yanarudi kama muujiza. Mwaka ule shilingi ilikuwa ikishushwa kila mara, na vituo vilianza kukauka tangu juzi.

Asubuhi Haroub alikwenda kwenye kituo cha Mohsin. Hakwenda kutafuta petroli tu, alikwenda kumpa habari ya msiba. Mohsin alikuwa Mwarabu mwenye mashamba na nyumba za kupangisha, Bi Mize alikuwa Mpemba wa chumba cha kupanga, lakini Mohsin alinyonya ziwa lake. Mama mzazi wa Mohsin aliugua baada ya kujifungua, ndipo Bi Mize akamchukua yule mtoto, akamweka upande mmoja na Khairat upande wa pili. Kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume, Mohsin ndiye aliyekuwa wa kuingia kaburini kumpokea.

"Tajiri amesafiri," Fanueli wa pampu alimwambia Haroub. Ndivyo alivyoagizwa amjibu kila mwenye gari. Haroub akaona habari ya kufiwa na mama haiachwi kwa mtu wa pampu. Akarudi na dumu lake tupu.

Khairat alipofika, Mohsin hakuwa safarini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuutikisa.

"Hakuna mafuta, jamani! Meli imechelewa!"

"Juzi meli, jana barabara," alisema Ernesti, dereva wa teksi. "Kesho utatuambia samaki wameyanywa."

Watu wakacheka kicheko kibaya.

"Wallahi hakuna!"

"Hiyo wallahi ya juzi, bwana. Lete nyingine."

Mohsin akapandwa na hasira. Akanyanyua mkono juu. "Nimzike mama yangu Mize leo hii kama humu mna tone!"

Kila mtu alijua alivyompenda yule bibi. Kitoweo cha Ijumaa alimpelekea kwa mkono wake. Wengine wakaanza kuokota madumu yao waende zao. Walimwamini.

Khairat akapenya katikati yao. "Basi mzike," alisema.

"Khairat? Unasemaje, dada?"

"Kafa alfajiri. Haroub kaja kukwambia, kajibiwa umesafiri."

Mohsin alikaa chini palepale kizingitini. Khairat alimshika mkono, akamwingiza ofisini, akafunga mlango. Mohsin alilia kweli, kamasi na machozi. Khairat alimngoja. Mchana ulikuwa unakwenda, na mama yake alikuwa amelala chumbani katika joto lile.

"Nataka petroli, Mohsin."

"Stoo kuna dumu limejaa. Chukua, sitaki hata senti. Ila Haroub aje alichukulie uchochoroni."

"Kwa nini uchochoroni?"

"Si unawaona wale? Nimeapa mbele yao. Mpaka saa kumi tu, dada, wakishatangaza..."

"Kwa hiyo tangini yamo."

Mohsin akajifuta uso kwa kiganja.

"Yaliingia lini?"

"Mwezi uliopita. Lakini shehena ijayo nitainunua kwa nini? Shilingi inaanguka, Ghuba kuna vita..."

"Petroli iliyo chini ya miguu yangu haijaona vita vyovyote," Khairat alisema. "Ulishailipia, iko hapo, na inakusikia unavyoapa. Mama yangu hapiti uchochoroni."

Akaingia stoo, akalivuta dumu, akalipakata ubavuni na kutoka nalo kwa mlango wa mbele. Kifuniko kilikuwa kikivuja, na harufu ikamtangulia. Ernesti akanusa.

"Hiyo nini, dada Khairat?"

"Petroli ya kumzikia mama. Mafuta yamo."

Nyuma yake madumu yalianza kugongana, watu wakirudi pampuni mbio.

"Tajiri, nifungue mnyororo?" Fanueli aliuliza. "Niuze kwa bei ipi?"

Mohsin aliutazama mnyororo wa pampu, akaitazama saa ya ukutani.

"Tangulieni, dada!" alipiga kelele. "Nakuja! Msimteremshe bila mimi!"

Kigombe walimswalia Bi Mize baada ya alasiri. Wanaume wakampeleka makaburini, wanawake wakabaki nyumbani kwa ndugu wa mumewe, na Khairat alitega sikio asikie gari la Mohsin kwenye njia itokayo mjini. Halikuja. Wanaume waliporudi, Haroub alikuwa na udongo mpaka magotini.

"Tumemngoja mpaka imamu akasema basi," alisema. "Nimeingia mimi."

Magharibi ilikuwa karibu Mohsin alipofika na gunia la mchele, shati limechanika begani.

"Walinizuia, dada. Walinishika shati."

"Uliwauzia?"

"Niliwaambia wangoje tangazo tu, kisha..."

"Mnyororo hukufungua mpaka wakatangaza."

Mohsin alilitua gunia. Mikono ilimnuka petroli. Nyumba ya pili redio ilikuwa ikirudia kusoma bei mpya na sababu zake: dola, vita vya Ghuba, gharama za meli.

"Unasikia?" Khairat alimwuliza. "Wametaja zote. Wewe wamekusahau."

"Wallahi, dada, mimi..."

"Usiniapie mimi. Kaburi liko kule, nyuma ya msikiti. Nenda kamwapie yeye."